Chumba cha Mwigizaji wa Redio

Juma lililopita nilikuwa katika duka moja pale mjini Mkuu, nikisubiri kupimiwa pumba za ng'ombe, alipoingia binti mmoja. Alimwamkia mwenye duka, mama wa makamo, akaomba kupangishwa chumba kilichokuwa wazi uani. Alieleza kwamba anafanya kazi ya kuigiza mchezo wa redio hapo mjini, na kwamba asipopata pa kuishi karibu, nafasi yake atapewa mwingine.

Mwenye duka aliliweka chini kopo la kupimia.

“Hiyo sauti naijua. Si wewe uliyemtilia mke mwenzio sumu kwenye mtori wa ndizi?”

“Ni mchezo tu, mama.”

“Mchezo, na mwenzako amezikwa Jumapili. Sipangishi.”

Binti aliinamisha mabega, akasema kwa sauti ya ajuza: “Mjukuu wangu, usiniache nje na baridi hii ya mlimani.”

Mama alishika kifua. “Yule bibi mcha Mungu? Naye ni wewe?”

“Tuko waigizaji watatu tu, mama. Bibi ni mimi, na mbuzi wake pia ni mimi.”

Mwenye duka alicheka, akatoa ufunguo. “Chumba nampa bibi. Yule mwingine asikanyage jikoni kwangu.”

Vijana mnaotaka kuishi kwa uigizaji wa redio, mkipewa nafasi ya muuaji, ombeni na ya bibi. Mtayarishaji huangalia kipaji, lakini mwenye nyumba huangalia mwenendo.