Mstari Uliofunikwa na Muhuri

Siku ya kubadilisha kompyuta kuu ya maabara yetu, pale Bilele, nilijiona bingwa. Kompyuta hiyo ndiyo iliyopeleka majibu ya vipimo kwenye vituo vya afya, na ukuta wake wa moto, yaani programu inayoulinda mtandao, ulikuwa na orodha ndefu ya kanuni: kituo kipi kipite, nani azuiwe. Nilifungua dirisha jeusi la amri, nikaandika iptables-save > kanuni.txt, na kanuni zote zikahifadhiwa papo hapo. Nilisikitika tu kwamba hapakuwa na mtu wa kunitazama.

Wiki hiyo sampuli ya mama yangu nayo ilikuwa kwetu, imeletwa kutoka kituo chao cha Muleba. Uvimbe shingoni. Mimi fundi sikuruhusiwa kuona majibu ya mtu yeyote.

Mkuu wangu alikuja kukagua. Mzee yule hakuamini kitu kisicho na muhuri.

"Kanuni ziko wapi?"

"Ziko kwenye faili, mzee."

"Faili lipi? Kabatini sijaliona."

Nikazichapa, kurasa nne. Akatia saini, akagonga muhuri kila ukurasa kwa nguvu ya mtu anayeua mende, akazifungia kabatini. Nilimcheka mpaka saa ya chai. Baada ya chai nikaifuta diski ya kompyuta ya zamani, na kanuni.txt ikiwa humohumo ndani.

Basi msomi nikaenda kuomba faili la karatasi, kwa upole wa mkwe ugenini. Mzee hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Nikaziandika upya moja moja. Ukurasa wa tatu, mstari mmoja ulikuwa umemezwa na wino wa muhuri. Niliona aibu kurudi kuuliza, nikauruka. Nilijiambia kwamba mstari mmoja hauwezi kuharibu kitu.

Siku ya nne muuguzi wa Muleba akapiga simu: tangu tubadilishe kompyuta hawajapata jibu hata moja. Nikamwomba namba ya mtandao wa kituo chake, nikaongeza kanuni iliyokosekana, na majibu yote yakaondoka kwa pamoja. Jioni mama akaambiwa uvimbe wake si wa hatari.

Nilimpigia nikiwa na furaha tele, nikamweleza kwamba kompyuta ndiyo iliyochelewesha. Kosa langu sikulitaja.

"Mimi nilijua uko hukohuko majibu yanakotoka," mama akasema. "Siku zikapita, hupigi simu. Nikasema, mwanangu ameyaona, ameshindwa kuniambia."

"Mama, mimi siyaoni."

"Ningejuaje? Juzi nilimchukua mdogo wako, tukaenda pale kibanjani, shambani kwetu, nyuma ya migomba, nikamwonyesha mahali pa kunizika."