Shemeji Yao Alipotokea Siku ya Wageni

Siku ya wageni, Februari 2014, mchumba wangu Sabra alishuka kwenye bodaboda akaniulizia getini.

Tatizo ni moja. Sabra nilimtunga mwenyewe.

Ndugu wasomaji, shule yetu iko Igamba, Mbozi, wavulana watupu. Bwenini, kila mtu wa kidato cha sita lazima awatangazie wenzake shemeji yao. Asiye naye anaitwa shoga, na anayeitwa shoga anamwagiwa ndoo za maji machafu mpaka aombe uhamisho mwenyewe.

Mimi sijawahi kumtamani mtu. Si msichana, si mvulana. Nikawapa Sabra, binti wa mwenye malori, Chapwa, Tunduma. Hata rangi ya malori niliitaja.

Nikaenda getini, bweni zima nyuma yangu.

"Shikamoo shemeji," alisema Asajile, kiranja wetu, bila haya.

Binti akaitikia marahaba, akanivuta pembeni.

"Naitwa Ikram. Chapwa mwenye malori ya kijani ni baba yangu peke yake. Mdogo wangu anasoma hapa, amenisimulia yote."

"Dada, nisamehe. Usiwaambie."

"Nimekuja kukuona tu. Na mimi nina wangu, dereva wa Lusaka. Naye hayupo, nimemtunga kama wewe."

Nikawapungia wenzangu mkono wasisogee.

"Nakataa wachumba, basi shangazi ananiita msagaji," aliendelea. "Nikaingia intaneti kafe pale boda ya Zambia, nikasoma. Kuna neno, aseksho. Mtu asiyemtamani yeyote. Wengi wao wanajihesabu kundi moja na mashoga na wasagaji. Wengine hawataki."

"Niweke kwa wasiotaka. Wale wanapenda mtu, sisi hatumpendi yeyote hivyo. Tunahusiana wapi?"

"Hata mimi sijui. Ila tusi tunatukanwa lile lile."

Akapanda bodaboda, akaondoka. Mimi nikarudi bwenini nimebebwa juu juu.

Baada ya chakula cha jioni Asajile akanikabidhi ndoo imejaa.

"Lusubilo, wewe tumekuthibitisha. Amebaki Osward, hana shemeji. Heshima ya kuanza ni yako."

Osward alikuwa amekaa kitandani kwake. Hakukimbia. Alikuwa ameshakunja blanketi na kuliweka juu ya tranka lisilowe.

Lile blanketi ndilo lililonimaliza.

Nikaweka ndoo chini. "Yule siyo mchumba wangu. Sina, na sijawahi kutaka. Kama sheria ndiyo hiyo, anzeni na mimi."

Walianza na mimi kweli.

Tukakaa nje wawili, tumelowa, baridi ya Mbozi inatutafuna.

"Kumbe na wewe ni shoga," alisema Osward.

"Hapana. Wewe?"

Alikamua shati. "Ndiyo. Usimwambie mtu."

Sikuwahi kumsikia mtu akijisemea hivyo kwa mdomo wake.

"Sasa mimi nikae wapi?" nikamuuliza.

"Sogea hapa. Huko kuna upepo."

Osward alihama wiki iliyofuata. Jina lake nimelibadilisha. Mimi nimebaki, na godoro langu halijakauka vizuri.

Funzo, maana najua mnalisubiri: kama neno la Ikram ni langu au siyo, nitalifikiria taratibu, halina mtihani. Ndoo ya kummwagia mwenzako ndiyo inayotaka jibu hapo hapo.