Nimelaza nyasi za ngoro nikashuka ziwani, sasa nashindwa kusema kama narudi

Admin, jina langu lifiche, maana huku kwetu watu wanajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tisa, Mmatengo wa milimani upande wa Litembo, ila naishi Mbamba Bay, nashona nyavu za watu. Ninaishi na mwanamke Mnyasa, anakausha usipa, vile vidagaa vya ziwani, na kuuza, tuna mtoto mmoja. Kanisani kufunga ndoa hatujaenda. Si kwamba nimekataa, sijawahi kusema ndiyo wala hapana.

Naandika bila machozi wala hasira. Ndiyo shida yenyewe, sisikii kitu.

Zamani nilikuwa mtu wa kuamua. Soko huria lilipoingia, ushirika ukalegea, wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, bei ya kahawa ikawa leo hivi kesho vile, mwisho ikaanguka kabisa. Nyumbani mimi ndiye niliyefika kidato cha pili, basi nikajiona naijua dunia. Nikamwambia baba, "Baba, kahawa hii imekufa. Tung'oe, tuweke mahindi." Mzee alizunguka mibuni yake siku mbili, halafu akachukua shoka. Tuling'oa mteremko mzima, mibuni aliyoipanda kabla sijazaliwa. Baada ya miaka michache bei ikapanda, majirani wakaezeka bati. Baba hakunilaumu hata siku moja, alizungumza na mimi vilevile mpaka anakufa. Afadhali angenitukana. Tangu hapo nikiulizwa nachagua nini, kichwa kinakuwa cheupe. Hata huku ziwani nilipanda tu gari lililokuwa linashuka.

Mteremko ule sasa tunalima ngoro. Kwa asiyejua, hayo ni mashimo yetu ya mlimani: mwanaume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, mwanamke anachimba katikati, anafukia zile nyasi kwa udongo na kupanda maharage juu yake. Kila mwaka mvua zikielekea mwisho napanda mlima, nalaza nyasi, mama anafukia, mimi narudi ziwani. Mwaka huu mgongo wa mama umekataa. Mimi nikalaza nyasi kama kawaida, mteremko wote, nikaaga, nikashuka. Sikuuliza nani atafukia.

Ukoo ndio umeuliza. Mama alinipigia simu: "Mwanangu, baba yako mdogo anasema msimu wa maharage ukipita hapajapandwa, shamba analichukua mwanawe. Sema tu, unarudi au hurudi?"

Nikamjibu nitaangalia.

Mwenzangu alikuwa anasikia. Hakugomba. Aliweka chini ungo wa usipa akasema, "Baba Tumaini, kwetu hatulimi mashimo, lakini nitajifunza. Ukisema twende, nafunga mizigo. Ukisema tukae, napanda mlimani nimlete mama yako huku tumtunze. Usiposema kitu, mimi na mtoto tunakwenda kwa dada. Nimechoka kuishi na mtu aliyesimama mlangoni." Nikamwambia nimesikia. Akasubiri. Nikaendelea kushona wavu.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi sijashika hata moja na zote zinakwenda. Na msiniambie habari za mila, najua wanaume wa siku hizi wanachimba wenyewe na hakuna anayewacheka. Mikono ninayo. Nikijiuliza nataka huku au kule, sipati jibu, kama vile naulizwa habari za mtu mwingine.

Jana jirani wa mama kapiga simu. Anasema mama ameonekana kule mteremkoni, amepiga magoti kwa sababu kuinama hawezi, anafukia. Siku mbili, mashimo manne. Alipoulizwa akajibu, "Nampunguzia mwanangu, asikute kazi nyingi akirudi." Nilisikiliza, nikamshukuru jirani, nikakata simu, nikala ugali wangu wote nikamaliza.

Sasa hivi naandika, mwenzangu yuko chumbani anakunja nguo za mtoto. Hazikunji haraka, nadhani ananipa muda. Ndugu zangu, nishaurini. Yupo humu aliyewahi kuishiwa hamu ya kutaka kitu, ikamrudia? Ilirudi yenyewe, au alianza kwanza kusema ndiyo huku hasikii kitu? Nimwambie nini huyu mwenzangu kabla hajafunga zipu ya begi?