Nilivyopima Uzuri wa Maisha kule Nguba

Mucheke tu, lakini jina langu mulifiche. Wakati wa Zaïre, daktari wa hospitali yetu alinituma mutaa wa Nguba kwa maman mumoja mwenye ugonjwa adimu wa kurithi, ule unaootesha vinundu mwili muzima. Nilipaswa kuuliza kama wa familia ile wanaishi vizuri. Ugonjwa wenyewe sikuwahi kuuona, lakini nilivaa blouse nyeupe ya daktari, nani angenifundisha?

Barazani nikakuta bwana mumoja, citoyen mu abacost, ile suti isiyo na tai, uso wote vinundu. Ugonjwa ni wa kurithi, nikajisemea, basi naye ameupata. Mimi bingwa wa huruma nikaanza: "Pole, papa. Bibi yako uliyemuoa angali anakupenda?"

Akaguna tu. Nikaona amekata tamaa. Nikamushika mukono, nikamulilia machozi ya kweli.

Mara maman mumoja akatoka jikoni, shingo na mikono vimejaa vinundu, anacheka mpaka sahani ya samaki sambaza inatikisika.

"Docteur, mugonjwa ni mimi! Huyu ni shemeki yangu, bwana ya dada yangu. Asubuhi alijidai anajua kutoa asali, nyuki zikamuuma, hata mudomo haifunguke. Andika: leo maisha yangu iko muzuri sana! Na ile swali ya bibi yake, rudilia kwa sauti. Dada yangu iko ku jikoni, anataka kujibu yeye mwenyewe."