Simu Inayotaka Mikono Miwili

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: je, yule mama aliuona mkono wangu wa kushoto?

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda Bonga kuonana na mwenye duka la pembejeo, mama mtu mzima aliyekuwa anatafuta kijana aliyesomea kilimo amsaidie kuuza mbegu na dawa za mifugo. Kilimo nimesomea, cheti ninacho, na nilikuwa nimekaa nyumbani Maisaka mwaka na nusu nikisubiri mtu yeyote anihitaji. Maongezi yalikwenda vizuri. Aliniuliza kuhusu viwavi wa mahindi, nikajibu mpaka maswali ambayo hakuuliza. Wakati wa kuagana akaninyooshea mkono. Wangu wa kulia ulikuwa umeshika simu, na kabla akili haijafika, nikampa wa kushoto. Akaupokea, akasema, "Nitakupigia," akarudi kwenye magunia yake.

Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba mkubwa anapewa mkono wa kulia, na ukitaka kuonyesha adabu zaidi, wa kushoto unashika kiwiko cha wa kulia. Mimi, mwenye shahada, nilikuwa nimempa mtu mzima mkono wa kushoto mtupu.

Chanzo ni simu. Dada yangu anayefanya kazi Arusha alininunulia nilipohitimu, akachagua kubwa kuliko zote dukani ili nijaze maombi ya kazi bila kwenda kulipia kompyuta mjini. Kwa hilo siilaumu. Nikiilaza mezani naiona fomu nzima, kuanzia jina mpaka sahihi, na barua ya maombi naisoma bila kukunja uso. Shida huanza nikisimama. Mfukoni inaingia nusu. Nikikaa inanichoma tumboni, nikipanda pikipiki inachungulia nje kama inataka kushuka njiani. Kuandika ujumbe kwa mkono mmoja siwezi, kidole gumba hakifiki ng'ambo ya pili. Kwa hiyo naibeba mkononi muda wote kama mtu anayepeleka sinia kwenye sherehe. Vijana wa bodaboda kijiweni kwetu wananiita Mwenye Tivii. Nikipita wananiuliza mpira unaanza saa ngapi. Mmoja alinishauri nisiitoe kwenye upepo, itanipeperusha mpaka Nangara.

Asubuhi nilimweleza mama yangu, akiwa anachambua maharage. Akauliza kama yule mama nilimpa shikamoo. Nikasema nilimpa.

"Kwa mdomo," akasema, "au nayo ilikuwa ya kushoto?"

Sikucheka, maana nilikuwa na hesabu nzito kichwani. Kama aliuona ule mkono, ilibidi nirudi kuomba radhi. Kama hakuuona, nikienda kuomba radhi nitakuwa nimemwonyesha mwenyewe. Nikienda na simu, nitaishika tena mkononi. Nikiiacha, huenda akapiga nikiwa njiani, akapata mtu mwingine anayepatikana. Nikaandika faida na hasara za kila njia kwenye simu hiyohiyo, na lazima nikiri kwamba zilisomeka vizuri sana.

Mama alinivumilia mpaka maharage yakaisha kwenye ungo.

"Mwanangu, hilo dude liache hapo mezani, uende Bonga. Likiita nitapokea."

Nikaenda. Njia nzima mikono yangu haikujua ikae wapi. Mara tatu niligusa mfuko nikidhani nimeangusha kitu.

Nilimkuta yule mama akimhudumia mzee mfugaji, fimbo imeegemea kaunta, aliyekuja kununua dawa ya minyoo ya ng'ombe. Alimpa chupa kwa mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko, na mzee akaipokea vivyo hivyo, taratibu, kama kwamba chupa yenyewe ina umri. Niliposhuhudia hilo nilitamani kugeuza. Lakini alikwishaniona. Nikatoa shikamoo, nikatoa mkono wa kulia, nikashika kiwiko, kisha nikaanza kuomba radhi. Radhi yangu ilikuwa ndefu. Nilipita kwa dada, nikapita kwenye ukubwa wa mifuko ya suruali za siku hizi, nikaishia nisipopajua.

"Niliona," akasema.

Nikakiachia kiwiko changu.

"Na nimekupigia muda si mrefu. Kapokea mama yako. Nimemwambia uanze Jumatatu, ila ile simu usije nayo mkononi. Wazee wanaokuja hapa, ukimpa dawa kwa kushoto anaiacha kwenye kaunta, ng'ombe anabaki na minyoo yake. Na mimi nahitaji mtu anayebeba mfuko wa mbegu."

Nikauliza mama alisemaje.

"Alisema hata leo unaweza kuanza."

Kwa kawaida ningeomba siku mbili za kufikiri. Ningeweza kununua begi la kuvaa kifuani, au kumwomba fundi cherehani anishonee mfuko mrefu mpaka gotini. Vyote vilinipitia kichwani nikiwa nimesimama pale. Lakini jibu nilikuwa nalo tangu njiani, mikono ilipokuwa mitupu: simu ile ni nzuri kwa mtu aliyekaa, na mimi nilikuwa nimechoka kukaa.

Wakati wa kurudi nilishuka stendi, nikanunua kitochi, kale kasimu ka vibonye kenye tochi. Laini yangu ilikuwa ndogo mno kwa nafasi yake, kwa hiyo muuzaji akaniongezea fremu ya plastiki ya kuishikilia. Nyumbani nilimkuta mama ameegemeza simu kubwa kwenye sufuria, anatazama kwaya iliyohifadhiwa humo. Nikamwomba kidogo, nikafungua kitundu cha laini kwa sindano yake ya kushonea, nikaichomoa, nikaibana kwenye fremu, nikaisukuma ndani ya kitochi mpaka ikalia tki.

Kisha nikamrudishia mama kwaya yake, nikapiga Bonga kumwambia bosi kwamba namba ni ileile, na kwamba Jumatatu saa moja nitakuwa mlangoni.