Malalamiko ya Chumba Namba Nne

Tusajigwe hakuwahi kumpigia mzazi simu kumsifia mwanawe. Kanuni hiyo aliitoa machinjioni Vingunguti, alikokuwaga ananunua vichwa na kwato za ng'ombe kwa jumla kabla hajajenga. Mnunuzi akiusifia mzigo, bei imeshamkimbia. Ukilalamika kwanza, mwenzako anashika kujitetea, na mtu anayejitetea hana nafasi ya kuomba punguzo.

Kwa hiyo kodi ilipokaribia, mama huyu wa Kinyakyusa, Mama Bupe kwa wapangaji na wazazi wao, aliyejenga vyumba vyake Mbagala kimoja kimoja, akavipangisha kwa wanafunzi wa chuo, alikaa kwenye stuli yake uani akawapigia wazazi huko mikoani. Huyu mwanao anaoga kama anaosha gari. Huyu kaingiza jiko la umeme kwa kificho. Wazazi wakaomba radhi, na kodi ikaja.

Aliyemweza alikuwa mmoja tu, Mama Salma wa Kilwa Kivinje, jina lake Mwajabu, muuza mafuta ya nazi. Hawakuwa wameonana uso kwa uso. Siku ya kupangisha walivutana kwenye simu mpaka salio likakata katikati ya maneno, wakapigiana tena, na mwisho wake binti yake, Salma, akapata chumba namba nne, chenye madirisha mawili, kwa bei ya chumba chenye dirisha moja. Tusajigwe alikata simu akacheka peke yake. Tangu hapo malalamiko ya chumba namba nne yakawa ndiyo mazungumzo yao.

"Mama Salma, mwanao kaacha taa inawaka jana kutwa."

"Taa inawaka mchana, Mama Bupe? Basi chumba chako kina giza. Nipunguzie."

"Mama Salma, mwanao anaimba bafuni. Wenzie wamepanga foleni na mataulo, yeye yuko beti ya tatu."

"Anaimba vizuri au vibaya?"

"Vibaya."

"Hapo kamfuata babaake. Mie nisiulizwe."

Muhula wa kwanza ulipoisha, Salma alifunga chumba, akaacha godoro, sufuria, na kanga imetundikwa msumarini, akamkabidhi Tusajigwe ufunguo kama wanavyofanya wote. Akasema watakutana chuo kikifungua.

Chuo kilifungua na masika. Mabinti wakarudi mmoja mmoja, mabegi yamelowa, na uani hakukuwa na habari nyingine ila usajili wa muhula wa pili. Blessing wa chumba namba tano, msemaji kuliko wote, ndiye aliyemweleza Tusajigwe utaratibu mpya. "Mwisho Ijumaa ijayo, mama. Asiyejisajili anahesabika kaacha chuo, na safari hii mzazi anatumiwa meseji moja kwa moja. Wazazi wana grupu lao, kila tangazo wanalipata kabla yetu. Mie mama yangu ndo ananiamsha."

Chumba namba nne hakikufunguliwa. Tusajigwe alishaanza kukipigia hesabu za mpangaji mwingine pale Mzee Mwishehe, baba yake Salma, alipoingia getini peke yake, kofia ya mkono kichwani, hana hata mfuko mkononi. Tusajigwe alikuwa amemwona fundi cherehani huyu mara moja tu, siku ya kuleta godoro. Akajua kaja kuomba kupunguziwa. Akamuwahi.

"Karibu mzee, pole na safari. Afadhali umekuja mwenyewe. Mwanao kaniachia sufuria imeungua mpaka tako limegeuka lami. Chumba chote kinanuka. Hivi nyumbani kwenu hamumfundishi kuosha chombo?"

Mzee Mwishehe alisimama akamsikiliza mpaka mwisho. Hakumkatisha. Alipoona kanyamaza akasema, "Salma ametangulia mbele ya haki, mama."

Aliyasimulia huku kasimama, stuli kaikataa. Chuo kilipofunga, binti alipita kwanza kwa baba yake mdogo Kimbiji apumzike kabla ya safari ya Kilwa. Homa ikamshika, ikapanda kichwani, na kabla watu hawajaelewa wanauguza nini, hakuwepo. Wakamzika huko huko jioni ile. Na kipindi hicho hicho mama yake alikuwa ameanguka kiharusi Kilwa, upande mmoja hauna kazi, presha haishuki. Ukoo ukakaa ukakata shauri kwamba mgonjwa asiambiwe mpaka apate nguvu. Mtaa mzima umefungwa mdomo. Mama ameambiwa Salma kaibiwa simu, na atatoka Kimbiji moja kwa moja mpaka chuoni.

"Chumba usimpe mwingine, mama. Kodi ya muhula wote ninayo. Mwenzangu akikupigia, mwambie binti hajambo. Wewe anakuamini kuliko mimi. Anasema wewe huna shida ya kumfurahisha mtu."

Tusajigwe alipokea. Ilikuwa biashara ambayo mwenye nyumba yeyote angeipenda. Mpangaji hatumii maji, hapigi kelele, hana wageni. Akamtoa mzee mpaka getini, akampa pole, kisha akaitoa ile sufuria chumba namba nne, akaisugua kwa mchanga na majivu mpaka vidole vikamchubuka. Tako halikung'aa, na kila jioni akawa anairudia.

Simu ya Kilwa ilikuja kesho yake. Ulimi wa mgonjwa ulikuwa mzito, maneno yanaburuzwa.

"Mama Bupe, hujambo? Mwanangu karudi?"

"Karudi, Bi Mwajabu. Hajambo kabisa."

"Nipe niongee naye."

"Katoka sasa hivi, kaenda chuo. Ni msichana anayejali masomo, yule."

Simu ilikuja tena, na tena. Mama alikuwa anafuata matangazo ya grupu kitandani kwake, kila tangazo likawa swali. Usajili umefunguliwa, kaenda? Kaenda. Wanasema mwisho wa kubadili masomo ni sawa na mwisho wa usajili, kabadili? Hakubadili, karidhika nayo. Fomu za bima? Kajaza. Ratiba imetoka, anasoma na nani? Anasoma na Blessing, mpaka taa za wengine zinazimwa yeye bado.

Kila alichojibu kilibaki pale uani. Hilo Tusajigwe hakulitegemea. Uongo wa sokoni ukishausema unaondoka na mnunuzi, lakini huu ulikaa. Alisema binti anakula vizuri, na mchana akajikuta kaongeza kikombe cha mchele. Alisema binti kaenda kuoga, na jioni akasimama nyuma ya foleni ya mataulo, mlango wa bafu umefungwa, maji yanamwagika, naye anasubiri beti ya tatu. Akatoka Blessing, kichwa kimejaa povu.

"Mama, vipi? Unataka kuingia?"

"Nani kakwambia nataka kuingia? Maliza maji yote, ndo kazi yenu."

Asubuhi moja, akitoka kuanika, aliona mwanga kwenye dirisha la chumba namba nne. Mvua ilikuwa imekatika, jua kali, na taa ndani inawaka. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake mwenyewe. Aliacha nguo kwenye kamba, akaufungua ufunguo pindoni. Alipofungua, hakukuta mtu. Godoro, kanga msumarini, harufu ya unyevu, na chini ya swichi alama za majivu za vidole vilivyochubuka. Vilikuwa vyake. Jana alimwambia Mwajabu binti anasoma, halafu akaja akamuwashia.

Alizima akatoka. Kumbukumbu ya kuja hapo hakuwa nayo hata chembe, na hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko mzimu.

Siku hiyo alimpigia Mzee Mwishehe, aliyekuwa amesharudi kwenye cherehani yake Kilwa.

"Mzee, chuo mmekiarifu?"

"Tukikiarifu watatoa tanzia kwenye grupu la wazazi, mama. Wataweka na picha yake. Simu ya mwenzangu imo."

"Na msipokiarifu, Ijumaa wanamtumia meseji kwamba mwanawe hajajisajili. Namba ya mzazi waliyonayo ni yake. Siri yenu ina tarehe ya mwisho, mzee. Mwambie wewe kabla simu haijamwambia."

Kwenye simu ikasikika cherehani ya mtu mwingine ikishona. "Sina mdomo wa kumwambia," mzee akasema. "Tumuachie Mungu mpaka Ijumaa."

Ijumaa mabinti wote walikwenda chuo kumalizia usajili. Mvua ilirudi mchana, ikapiga bati mpaka uani hakusikiki kitu. Tusajigwe alikuwa chumba namba nne, anasogeza godoro lisiguse ukuta uliolowa, simu ilipoita. Akakaa ukingoni mwa godoro, akapokea.

"Mama Bupe, nimeletewa meseji na chuo. Wanasema mwanangu hajajisajili."

"Mitandao hiyo, Bi Mwajabu. Mvua ikinyesha hakuna kinachofanya kazi. Kajisajili, nimemwona na karatasi."

"Meseji siiogopi. Muhula uliopita walinitumia matokeo ya mtoto wa watu." Akapumzika, akakusanya ulimi. "Nakuogopa wewe."

"Mimi tena?"

"Tangu chuo kifungue hujanilalamikia. Nimelala hapa nasubiri unisemee mwanangu, wewe unanambia anasoma, anakula, mtulivu. Salma mtulivu? Mwenye nyumba gani anayemsifia mpangaji? Na jina umenibadilishia. Kwako nilikuwaga Mama Salma. Siku hizi Bi Mwajabu, utasema nimekuja kuomba kazi."

Tusajigwe aliuona mlango wa kutokea, mpana, uko wazi. Lalamiko moja lilitosha. Kaacha taa inawaka, basi, na hata lisingekuwa uongo mtupu, maana taa iliwaka kweli. Alifungua mdomo. Iliyomjia ni sufuria, na yule mzee aliyesimama kimya kwa adabu zake akisikiliza mwanawe aliye kaburini akisemwa kwamba hakufundishwa kuosha chombo.

"Lalamika, Mama Bupe," ikasema sauti ya Kilwa, sasa inaomba, na huyu mwanamke hakuwahi kumwomba kitu. Alikuwa anadai tu. "Kimoja. Hata cha kuzua. Niambie kaacha bomba wazi, mie nilale."

Mvua ilizidi. Tusajigwe aliwahi kumwangalia mchinjaji machoni akamwambia bei ya uongo bila kupepesa. Sasa alikuwa anaangalia kanga msumarini.

"Mama Salma," akasema. "Mwanao sina la kumlalamikia tena."

Mwajabu akasoma inna lillahi, neno baada ya neno, ulimi ukimgomea, akalirudia neno lililomshinda mpaka akalipata. Tusajigwe akaingiwa na hofu ya presha.

"Uko na nani hapo? Mwite mtu akae karibu."

"Wapo. Toka nilazwe humu wapo. Wanaingia, wananitazama machoni, wanatoka kulia nyuma ya nyumba, wanadhani kiharusi kimenipiga masikio. Kalazwa wapi?"

"Kimbiji. Kwa baba yake mdogo."

"Umefika?"

"Sijafika."

"Utakwenda?"

"Nitakwenda. Njia ikikauka tu, nitakwenda."

"Usiende mikono mitupu, nakujua. Nunua ubani."

"Nitanunua."

"Mzuri, siyo wa kupimiwa kwenye kijiko."

"Nimesikia, Mama Salma."

Akamsikia analia sasa, kilio cha upande mmoja wa mdomo, hakifanani na kilio cha mtu mwingine. Tusajigwe hakusema Mungu ni mwema wala hakusema jikaze. Alikaa na simu sikioni, akangoja kama alivyokuwa anangoja machinjioni, mpaka mwenzake aseme kwanza.

"Sasa nilalamikie," Mwajabu akasema. "Yote. Uliyoyasema na uliyonificha. Mwanangu huyo unayemsifu mie simjui. Nirudishie wangu."

Basi akaanza. Mwanzoni kwa woga, sauti ya msibani. Taa. Bomba. Kisha sauti ikampanda yenyewe, ile ya kwenye stuli. Pasi aliyoiacha juu ya kitambaa mpaka nyumba nzima ikakosa umeme. Nyimbo za bafuni. Ndala za wenzie alizokuwa akivaa kwenda dukani na kurudi na moja imekatika. Geti aliloruka siku ya harusi ya rafiki yake, akadhani hakuonekana, na gauni likabaki kwenye vyuma.

"Lile la kijani?"

"La kijani."

"Aliniambia kaibiwa kambani," Mwajabu akasema, na kitu kama kicheko kikamtoka. "Lakini la pasi unamwonea. Umeme wako nao siku zote mbovu."

"Mbovu umeme wangu? Mbona wengine wanapiga pasi?"

"Wana nguo ngapi hao? Na juu ya jiko je, alinambia ulimsema mbele ya wenz—"

Salio likakata.

Tusajigwe akabaki ukingoni mwa godoro, simu mkononi. Nje mabinti walikuwa wanaingia getini na karatasi zao za usajili wamezifunika kwa mifuko ya plastiki, Blessing anasimulia foleni, wanacheka. Wakaona mlango wa namba nne uko wazi na mama mwenye nyumba yumo ndani, wakashusha sauti. Hakuwatazama. Alijua upande ule simu inapigwa na mtu mwenye mkono mmoja, lazima atafute wa kumwekea salio, na hao wa kumwekea wote wako nyuma ya nyumba wanalia.

Ilipoita alipokea papo hapo.

"Kuna sufuria," ikasema sauti ya Kilwa. "Baba yake kanitajia sufuria alipotoka kwako, akauma mdomo. Toka siku hiyo nangoja uniambie. Kaifanya nini?"

Tusajigwe akavuta pumzi.

"Mama Salma," akasema, "kaiunguza. Kaiunguza mpaka tako limegeuka lami, halafu kaificha nyuma ya mlango. Nimeisugua nimechoka."