Njia Tuliyoichonga Mkolani

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, mwanangu, nilipokuwa mwalimu wa fizikia hapa Mwanza, nimezidiwa na kazi hadi chai ikawa inapoa mezani bila kunywewa. Nilikuwa na vipindi, masomo ya ziada ya kidato cha nne, zamu ya bweni, na rundo la madaftari lisilokwisha. Basi akapiga hodi Mzee Bwire, mwenyekiti wa chama cha undugu cha wanaume Wakatoliki parokiani kwetu. Mkerewe yule alikuwa mpole, lakini akikutaka hakuachi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, leo tunakwenda kwa Magesa. Twende."

Nikamwonyesha madaftari. "Nafasi sina, mzee. Nikimaliza kusahihisha nitakuja."

Hakukasirika. "Nafasi haiji yenyewe kama mvua, mwalimu. Mtu huitenga. Na hatukuiti uje kujaza benchi. Tunataka hicho unachokijua."

Neno la mkubwa likisemwa kwa upole huingia ndani kuliko kelele. Nikavaa viatu.

Magesa alikuwa mwanachama wao, mfanyakazi wa kiwandani Nyakato hadi kiharusi kilipomwangusha. Nyumba yake ilikuwa juu mlimani Mkolani, katikati ya yale majabali yetu, na kijia cha kuifikia kilikuwa cha mawe matupu, hata mbuzi alikipanda kwa kusitasita. Kiti cha magurudumu alikuwa nacho, ila safari yake iliishia mlangoni. Tangu augue hakuwa ameshuka kanisani. Na sasa binti yake, Veronika, alikuwa karibu kuolewa, na wakwe wangekuja kwa kivuko kutoka Sengerema.

"Tutakubeba, kaka," wenzake wakamwambia.

"Sibebwi!" akajibu, ulimi ukiwa mzito. "Niende mbele ya wakwe mgongoni mwa mtu kama gunia la mihogo? Veronika asindikizwe na mjomba wake. Mimi nitasikia kengele nikiwa hapa hapa."

Veronika alikuwa ameshika birika la chai. Aliliweka chini taratibu, akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mwanangu, hapo ndipo madaftari yaliponitoka kichwani.

Nilitoka nje nikautazama ule mlima. Wenzangu walifikiria kuchonga ngazi. Nikawaambia kiti hakipandi ngazi. Kinachotakiwa ni mteremko mrefu na mpole, maana njia ikirefushwa, nguvu inayohitajika hupungua. Kila mwaka nilikuwa nikilifundisha hilo kwa kuchora pembetatu ubaoni! Njia yetu ingezunguka mlima ikijipinda, ipite katikati ya bustani ya mchicha ya jirani, Mama Zaituni. Mama yule, Mwislamu wa swala tano, hakutaka maelezo marefu.

"Ng'oeni," alisema. "Mchicha utaota mwingine. Baba Veronika apite."

Tukaingia kazini. Mwashi, dereva, wauza samaki, hata padre alivua kanzu akashika sururu. Jabali moja lilituzibia njia. Tukaliwashia moto wa magogo, kisha tukalimwagia maji, likapasuka kwa kishindo, watu wakashangilia kama timu yao imefunga bao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na ile methali ya penye nia pana njia, niliyozoea kuwaandikia wanafunzi ubaoni, safari hii niliichimba kwa mikono yangu.

Utaniuliza, na shule je? Shule sikuiacha. Nilimfuata mwalimu mwenzangu tukagawana masomo ya ziada, naye akafurahi, kumbe alikuwa akingoja kuombwa tu. Wanafunzi hawakupungukiwa kitu. Mimi ndiye niliyeongezeka.

Siku ya harusi Magesa alitoka mlangoni amevaa suti iliyopigwa pasi ikanyooka. Nilishika kiti kwa nyuma, Veronika akatembea kando ya baba yake, shela ameikusanya mkononi. Tukashuka kona baada ya kona bila kumnyanyua hata mara moja. Kwa Mama Zaituni tulipokewa na vigelegele. Huko chini kwaya ikaitikia. Wakwe walipomwona wakasimama wote. Mlangoni pa kanisa Magesa aliushika mkono wa binti yake, akauweka katika mkono wa bwana harusi, akasema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani:

"Huyu ni mwanangu. Nimemleta mwenyewe."

Nimewahi kushangilia matokeo mazuri ya mitihani, lakini furaha ya siku ile haina kifani. Mzee Bwire alikuwa akilia waziwazi wala hajifuti. Tangu hapo nami ni wa chama kile, na mama wajawazito wa mlimani hushukia njia ile ile kwenda kliniki.

Basi mwanangu, nawe leo umeshika chaki, na nakusikia ukisema kazi zimekubana. Kazi ifanye, tena ifanye vizuri. Lakini elimu isitoke darasani na kuishia kwenye mtihani. Mtu ni watu. Ndugu zako wakikuita, usiwaambie wangoje likizo. Tenga saa, gawa mzigo na mwenzako, uinuke uende. Muungwana ni vitendo.

Mungu aibariki chaki yako na jembe lako. Akupe ndugu wa kushikana nao mikono kwenye kila mlima, na akujalie kusikia vigelegele vya uliowafungulia njia. Amina.